Meno Yaliyonifunga Mdomo

Nina miaka thelathini na mitatu, ni mama wa mapacha, naishi Dutwa. Wasomaji wenzangu, haya ninayoandika ni aibu yangu mwenyewe...

Nikiwa binti kwetu Sola nilianguka na baiskeli, meno matatu ya mbele yakang'oka. Fundi mmoja wa mnadani akanitengenezea ya bandia. Baadaye Masanja alikuja kuniposa. Alivyosifia meno yangu kwa ndugu zake! Ningemwambiaje? Nikanyamaza.

Tangu siku ya ndoa nililala nayo mdomoni. Niliyasafisha bafuni nimefunga mlango, nikayarudisha haraka.

Mwaka juzi nikahisi kinyama kimeota kwenye ufizi, pale yanaposugua. Kikakua hadi mdomo wa juu ukainuka. Nikila ugali, damu... Nilijua kabisa kinachosugua ni nini! Nikiyavua, siri inatoka. Nikiyaacha, nyama inakua. Nikimbilie wapi?

Masanja alinisihi twende hospitali. Nilikataa. Daktari si angeniambia nipanue mdomo mbele ya mume wangu? Mama mkwe akanitengea kikombe na sahani. Majirani wakasema ni kansa. Nami, Mungu anisamehe, nikawaacha waamini!

Asubuhi moja nikaona ng'ombe wetu wanaswagwa kuelekea Lagangabilili. Nikamuuliza mama mkwe wanapelekwa wapi.

"Mwanangu, hawa watoto watahitaji mama," akasema bila kuniangalia. "Tumemposea mume wako mke mwingine."

Siku ya pili nikapanda basi peke yangu hadi Bariadi. Daktari wa meno akakikata kile kinyama, akapeleka kipimwe. Nilikaa kwa shangazi yangu hadi majibu yalipotoka. Haikuwa kansa! Ilikuwa nyama tu, imeota kwa kusuguliwa miaka yote na meno yasiyonikaa sawasawa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Masanja uani. Nikamwonyesha pengo, nikamweleza yote.

"Mama Kulwa, nilikuwa najiandaa kukuzika," akasema. "Kumbe ni meno?"

"Ni meno tu, Baba Kulwa. Nisamehe."

Akakaa chini. "Ng'ombe wameshapokelewa. Nitawaambia nini wale watu?"

Hakunifukuza. Lakini mke mwenzangu sasa ana ujauzito, na Masanja anakula kwake.

Dada zangu, kitu kikikusugua mdomoni, wahi kwa daktari wa meno. Na kasoro yako mwambie mtu kabla hajakuposa! Akikukataa, utalia mwezi mmoja. Mimi nalia hadi leo, na wa kumlaumu simwoni...