Mifupa Ukutani mwa Chumba cha Mtoto

Nyumba ya Zorka na mumewe Ratko ilichimbwa ndani ya kilima, kama nyumba nyingi za mji ule wa wachimba opali, vito vya thamani vinavyometameta rangi nyingi. Nje jua liliunguza. Ndani kulikuwa na ubaridi. Zorka alikuwa akikanda unga wa mkate. Ratko alikuwa nyuma, akichimba kwa mashine chumba cha mtoto waliyemtarajia.

Ghafla mashine ikanyamaza.

"Zorka! Njoo uone!"

Zorka alikwenda na unga mikononi. Ukutani palitokeza uti wa mgongo mkubwa kuliko wa ng'ombe. Kando yake kulikuwa na meno marefu kama vidole.

Zorka alirudi nyuma. "Ratko, tumefukua kaburi la nani?"

"Mtu gani ana meno haya? Tazama, mfupa umegeuka opali! Nitautoa mzima."

Akaendelea kuchimba chini ya mifupa. Vumbi lilidondoka kutoka juu. Kila punje ilimshtua Zorka. Mwishowe alikimbia kumwita jirani yao, Noreen, mwalimu mstaafu wa sayansi.

Noreen alimulika ukuta kwa tochi. "Huyu ni mnyama wa baharini, mwanangu."

"Bahari? Hapa jangwani?"

"Ndiyo. Kwa muda mrefu mno duniani kulikuwa na viumbe vidogo tu. Kisha ikaja enzi ya maisha ya kale, ya samaki na mimea ya kwanza ya nchi kavu. Ikafuata enzi ya kati, ya mijusi wakubwa ajabu. Hapo ndipo bahari ilipofunika nchi hii, na huyu akaogelea humu. Enzi yetu ni ya tatu, ya wanyama wanaonyonyesha. Binadamu tumekuja juzi tu."

"Na hao wa zamani walikwenda wapi?"

"Walikufa. Enzi zote mbili ziliisha kwa vifo vingi mno."

Zorka alishika tumbo lake.

Noreen akainua tochi. Ufa mweusi ulikuwa umekata dari nzima.

"Ratko, toka!"

"Kidogo tu, mama. Umebaki mfupa mmoja."

"Huyo amengoja zaidi ya miaka milioni mia. Wewe huna hata dakika! Toka!"

Zorka alimvuta mumewe kwa shati. Mara dari ikaporomoka kwa kishindo, na vumbi likawafukuza mpaka nje.

Ratko alikaa chini. "Ningekuwa mle ndani."

"Mwamba huu ni matope ya bahari ile yaliyogeuka jiwe, na una nyufa," alisema Noreen. "Ukiuchimba chini bila nguzo, unaanguka. Ukikuta mifupa, simama. Usiiguse. Waite wataalamu."

Wataalamu walikuja, wakaweka nguzo, wakaitoa mifupa taratibu. Mingi ilikuwa imepona. Ratko alichimba chumba kingine upande wa pili, chembamba, baada ya mkaguzi wa migodi kuupima mwamba.

Mtoto alipoanza kutembea, walimpeleka makumbusho. Mifupa ya yule mnyama ilikuwa imeunganishwa na kusimamishwa mbele yao, kinywa wazi. Mtoto akacheka, akanyoosha mkono kuyagusa meno.

"Usiogope," alisema Zorka, ingawa aliyeogopa ni yeye mwenyewe. Akambeba, akamkumbatia kwa nguvu.