Mmea Uliokataa Kukauka

Jioni ile tulifuata ua. Hilo tu. Ua moja ndani ya chupa ya spiriti, kisha turudi nyumbani tukale.

Mume wangu na mimi tunafanya kazi sehemu moja, kwenye chumba cha mimea mikavu. Yeye huchimba, mimi hukausha. Kazini wote wanamwita Jembe kwa sababu hajawahi kuacha mzizi ardhini, na mimi nami nilishazoea kumwita hivyo hivyo, hata kitandani. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja atachimba mpaka atokee upande wa pili wa dunia. Yeye hujibu kwamba huko nako hakukosi mimea.

Alikuwa ameona majani fulani kwenye bonde lenye majimaji, nje kidogo ya mji. Alipoyasugua mkononi yalinukia tangawizi. Ukoo wa tangawizi ni mkubwa: iliki imo, manjano yamo, na ya porini isiyo na kazi yoyote jikoni nayo imo. Huu hatukuufahamu. Tulifungua makabati yote ya chumba chetu, hatukuona wa kufanana nao. Mkuu wetu wa kazi, mtu asiyecheka hata siku ya mshahara, alianza kupiga mluzi kwenye korido, maana kama ulikuwa ule tuliousoma tu vitabuni, basi mmea ule ulikuwa haujawahi kurekodiwa katika nchi yetu. Lakini majani ya ukoo huo hufanana kama mapacha. Bila ua huwezi kusema lolote. Na ua la mmea ule huchanua jua likizama, chini kabisa kwenye udongo, kando ya majani yake. Kufikia asubuhi huwa limeyeyuka kama kamasi.

"Mtaka cha mvunguni," nilimwambia alipopiga magoti.

"Sharti ainame," akamalizia, matope yamemfika mapajani.

Ua lilikuwa limefunguka. Zambarau iliyoiva, karibu na nyeusi, na petali moja pana iliyolala nje kama ulimi. Ndani mlikuwa na stameni moja tu, kile kijiti chenye chavua, kama ilivyo kawaida ya ukoo huo, imeikumbatia shingo ya ua. Niliinama kulinusa. Tangawizi kwanza... halafu kitu kingine nyuma yake. Pumzi ya mtu aliyelala usingizi mrefu.

Nikainua kichwa.

Mama mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa majani, ndoo ya maji mkononi.

Hatukusikia hatua zake, na pale ni bwawani. Hata ndege akitua utasikia. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Kisha akainama akaumwagilia ule mmea maji, taratibu, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Nilijiuliza nani humwagilia mmea wa porini, tena bwawani. Jembe alimweleza kazi yetu kwa adabu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ua chukueni," alisema kwa sauti ya chini. "Yeye mwacheni."

Akaondoka na ndoo yake. Nilimwambia Jembe tusikilize, tumepata ua, linatosha. Alisema halitoshi, na kwa taratibu za kazi alikuwa sahihi: sampuli ya tangawizi isiyo na shina lake la chini ya udongo ni nusu sampuli. Wataalamu wangetucheka. Sikio la kufa halisikii dawa. Alizamisha mikono yote miwili, akavuta.

Mmea haukukatika. Ulitoka mzima, kitita cha vidole vinene vyekundu, na shimo likavuta hewa.

Haaa...

Kama mtu aliyeondolewa mzigo kifuani.

Jembe alitazama mikono yake. "Nina kiu," alisema. Njiani alimaliza chupa yangu ya maji, kisha ya kwake. Tulipopita kwenye bomba la barabarani aliniomba tusimame, akakinga mdomo, akanywa mpaka wenye madumu wakaanza kunung'unika.

Kesho yake nilifanya kazi yangu. Ua nililipasua chini ya lenzi, nikaandika kila nilichokiona: urefu, rangi, taji dogo juu ya ile stameni, ambalo ndilo hutofautisha mmoja na mwingine. Shina nalo, likiwa nene namna ile, halikauki mpaka ulipasue katikati kwa urefu. Nililipasua. Nusu ya kushoto niliipanga kwenye magazeti, nikaitia ndani ya kibanio, zile fremu mbili za mbao, nikakaza mikanda. Nusu ya kulia Mkuu aliituma siku hiyo hiyo kwa Profesa, mtaalamu wa ukoo huo, aliyehamia ng'ambo kwenye nchi za baridi. Ndio utaratibu. Sampuli moja hugawanywa, ili hata nyumba yetu ikiungua, mmea uwe salama mahali pengine.

Kila siku mimi hubadilisha magazeti. Ya kwanza hutoka na unyevu, yanayofuata hupungua, mpaka siku moja yanatoka makavu na kazi imekwisha. Mmea ule ulilowanisha magazeti siku ya kwanza. Ukayalowanisha ya pili. Kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo yalivyozidi kuloa. Majani yalikuwa mabichi kuliko siku tuliyoyachuma. Nilipoyagusa yalikuwa na joto.

Na nyumbani Jembe alikuwa anakauka.

Nasema hivyo kwa sababu hakuna neno jingine. Alikunywa maji mtungi kwa mtungi na hakuenda haja. Ngozi ya mikono ilianza kutoa sauti akiikunja, sauti ya karatasi. Hospitali walipima sukari, wakapima figo, wakasema kila kitu ni kizuri, anywe maji zaidi. Mama yake alikuja kukaa nasi. Alimpaka mafuta mwanawe asubuhi na jioni, na mafuta yalizama kama yamemwagwa mchangani.

Mimi nilitaka tu ule mmea ukauke. Nilidhani ukikauka wenyewe, yatakwisha. Alasiri moja nikakitia kibanio kwenye kabati la kukaushia, lile lenye taa za moto, nikapandisha joto hadi mwisho.

Simu ikaita kabla sijaketi. Mama mkwe.

"Mwanangu, rudi. Anasema anaungua."

Nilikitoa kibanio, nikakimbia nacho kwapani. Nilimkuta amelala chali, midomo imepasuka bila kutoa damu. Mama mkwe alikuwa amemvua shati. Upande wake wa kushoto, kuanzia bega hadi kiunoni, ngozi ilikuwa na alama zilizokata miraba miraba. Nilizijua. Ni mbao za kibanio changu. Na juu yake, michirizi miwili mipana ya mikanda niliyoikaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Niliogopa. Sikuwahi kuogopa namna ile maishani.

Nikaomba beseni. Nikafungua kibanio, nikaichukua ile nusu ya shina, nikaizamisha majini. Tulisubiri. Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyeingiliwa na kichaa. Kisha Jembe akashusha pumzi. Nusu ya kushoto ya mdomo wake ililainika. Jicho la kushoto likapata unyevu, likatoa chozi.

La kulia halikutoa kitu.

Nusu ya kulia ilikuwa ng'ambo.

 Mama mkwe alikalia kigoda kando ya beseni na kuanza kuyachota yale maji kwa kiganja, akiyarudishia juu ya lile shina, huku akimwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Mimi nilichukua njia ya bondeni.

Jua lilikuwa linazama nilipofika. Shimo letu lilikuwapo bado, maji ya bwawa yote yamelizunguka, lakini ndani yake mlikuwa mkavu, vumbi tupu. Yule mama alikuwa ameketi ukingoni. Ndoo yake ilikuwa imejaa, na hakuwa na wa kummwagilia.

Nilipiga magoti. Nilimweleza yote, na kilio kikanishika katikati ya maneno. Hakunikaripia. Heri angenikaripia.

"Anayemng'oa ndiye anayemjaza," alisema. "Hawezi kukaa mtupu."

Nikamuuliza kabla ya mume wangu alijazwa na nani. Alizamisha mkono ndani ya ndoo.

"Mwanangu. Alimng'oa akiwa kijana, akitafuta dawa ya tumbo. Nikawahi kumrudisha udongoni, mzima. Mwili wa mwanangu ukaenda, lakini yeye alibaki humu. Nimemnywesha miaka." Aliutazama mkono wake ndani ya ndoo. "Sasa amejaa mumeo. Mwanangu sijui amemwagikia wapi."

  Nilimuuliza nifanye nini, na alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mrudishe. Mzima, asipungue hata kidole. Tena kabla hajachipua, kwa sababu akishachipua ameshakubali alipo.

"Mwili wake utakwenda tu," alisema. "Lakini utakuwa naye mzima, mahali pamoja."

Kisha akaimwaga ile ndoo. Alimwaga maji yote juu ya nyasi, akaiacha pale, akaingia kwenye matete. Nilisubiri kusikia hatua zake... Hakukuwa na hatua.

Nilimpigia Profesa nikiwa bado njiani. Alifurahi kunisikia. Alisema alikuwa akitaka kunipigia yeye. Mmea tulioudhania ndio wenyewe, taji la stameni nililomwandikia limethibitisha, haujawahi kuonekana nchini kwetu, na majina yetu mawili yatatangulia la kwake. Nilimkatiza. Nilimwomba anirudishie ile nusu, kwa ndege, kesho, gharama juu yangu.

Akacheka kidogo. Alisema kuna jambo la ajabu. Sampuli ilimfikia mbichi kabisa, haikukubali kukauka, na mkono wake ukakataa kuitupa. Aliipanda kwenye nyumba yao ya vioo. Ilichipua siku ya pili. Vichipukizi vyenyewe vilikuwa vingi na vyenye nguvu, kwa hiyo alikikata kile kitita, kidole kimoja kimoja, akavigawa kwa bustani rafiki ili mmea usije ukapotea duniani. Alinitajia bustani hizo kwa fahari. Nyingine sikuwahi kuzisikia. Nilimwambia kwamba mume wangu atakufa. Alisema pole sana, hakujua kuwa ni mgonjwa, na kwamba habari hii njema labda itampa nguvu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Niliketi kando ya barabara, watu wakanipita.

Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amemfunika Jembe mablanketi yote tuliyonayo. Ilikuwa siku ya joto. Yeye mwenyewe jasho lilimtiririka mpaka kifuani. Jembe alikuwa akitetemeka upande wa kulia peke yake.

"Bibie," aliniita. Ndivyo anavyoniita tangu tuoane. "Huko wamenipeleka kuna baridi. Waambie waninyweshe."

Nusu yetu nimeipanda kwenye chungu, karibu na kichwa chake, kwa sababu nayo ilishachipua ndani ya beseni. Mwili wake haujakwenda bado. Ni mwepesi, ninambeba kwa mkono mmoja kumpeleka kivulini, na mama mkwe hutoka nje ninapofanya hivyo. Tangazo la mmea wetu limechapishwa. Mkuu alileta nakala pamoja na keki, akamwona Jembe, akaiacha keki mezani bila kuikata.

Sasa hii ndiyo kazi yangu. Kila jioni napiga simu kwenye zile bustani. Nimejifunza kusema "maji" na "tafadhali" kwa lugha nisizozijua. Kuna mzee mmoja kwenye bustani ya mbali ambaye ni mwema, hanikatii simu, ananihesabia majani yaliyotoka. Kuna msichana ambaye hudhani mimi ni mtafiti mkali, na huniogopa, na namshukuru Mungu kwa hofu yake. Wengine wamechoka nami. Mmoja aliniambia kwamba huo ni mmea tu, mama, na ukifa tunao mwingine.

Jana bustani moja haikupokea. Nilipiga mpaka simu ikawa moto sikioni. Baadaye ujumbe wa sauti ulinijibu wenyewe kwamba wamefunga kwa ukarabati, vioo vimefunikwa, na kwamba watatushughulikia wakirudi.

Leo asubuhi nilimgeuza Jembe dirishani, nikalifungua pazia lote ili apate joto. Jua lilimjaa usoni. Alikuwa macho. Aliniuliza kwa upole, asije akamwamsha mama yake, kwa nini huko leo hakuchi.