Kanga ya Kuvukia Mkondoa

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelowa. Cha kulia kilikuwa kikavu na vumbi lake la miezi, lakini cha kushoto ukikiinamisha kinamwaga maji yenye mchanga, na hapa kwetu Kidete mvua ilishakata zamani.

"Mama, nani amevaa viatu vyangu?" Lightness aliuliza, ameegemea magongo yake mlangoni.

"Nani ana haja na viatu vyako?" Mama Devotha alijibu, anapepeta mchele. "Si wewe mwenyewe hukimbii siku hizi?"

Yakaishia hapo. Na hata hivyo viatu havikuwa vyake.

Huyu Lightness Ndaki ndiye aliyetuletea medali ya shaba ya mbio, tukampokea stesheni kwa vigelegele mpaka sauti zikatukauka. Halafu mshipa wa kisigino cha kushoto ukakatika mazoezini Mikumi. Akapasuliwa Dar, daktari akamwambia miezi sita nyumbani, asithubutu kukimbia. Kocha Theodory alimpigia simu kumwambia wazi kwamba asiporudi mzima mwezi wa kumi na mbili, nafasi yake anapewa mwingine. Lightness hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya mguu ule.

Viatu vilikuwa vya Celestina, mwenzake wa mazoezi. Upande wa mashamba mto Mkondoa hauna daraja, na mabinti hawa walikuwa na utaratibu wao wa kuvuka. Wa mbele anajifunga kanga kiunoni na kupima kina kwa fimbo. Wa nyuma anabeba viatu vya wote wawili shingoni na kushika ncha za ile kanga. Sharti lilikuwa moja tu, wa nyuma haachii.

Masika ya mwaka juzi, wiki moja kabla kocha hajachagua msichana mmoja wa kwenda kambini, Lightness alifika ng'ambo peke yake. Alisema Celestina aliteleza. Mwili haukuonekana, wala kanga haikuonekana. Ukweli ni kwamba wa nyuma alikuwa yeye, na maji yalikuwa mengi lakini hayakumshinda mkono. Aliiwaza ile nafasi moja, akaachia. Tena akaenda kambini na viatu vya marehemu, kwa sababu vyake vilikuwa vimetoboka. Jamani, roho gani hiyo!

Sasa, tangu siku ile kiatu kilipolowa, kila saa saba mchana, watu wote wakiwa mashambani, Lightness alisikia hatua koridoni, chwa, kimya, chwa, kimya, mguu mmoja tu wenye maji. Akifungua mlango haoni mtu, ila alama za unyayo wa kushoto kwenye sakafu na harufu ya tope la mtoni.

Jioni moja Mama Devotha alikuwa anamkanda kisigino kwa maji ya moto na chumvi. Maji yalikuwa ya bomba, lakini yakaanza kunuka lile tope, na Lightness akahisi, chini ya taulo la moto, vidole vya baridi vinaukamata mshono, vinaubonyeza taratibu kama mtu anayetafuta uzi wa kuufumua.

"Mama," alinong'ona, "toa huo mkono mwingine."

"Mikono yangu yote miwili iko juu ya taulo, mwanangu."

Kesho yake wakamleta mganga, Mzee Ulimboka, kutoka Ulaya. Siyo ya wazungu, Ulaya yetu hii hii ya Kilosa. Mzee alinusa kile kiatu, akawatoa watu wote nje.

"Shikamoo, babu," Lightness alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Huyu hataki kuku wala ubani, binti. Majini ya mto yamempokea na yamempa ruhusa. Nenda kwa mama yake, sema ulichofanya. Ukisema, anakuacha. Usiposema, usisogelee maji."

Lightness alikwenda kweli kwa Mama Magreti, mama yake Celestina. Akaamkia, akanywa chai, akampa pole ya msiba na kilo mbili za sukari, akarudi. Lile neno lenyewe hakulisema. Alimwambia mganga, "Nimesema, babu." Mzee akavitupa viatu mtoni, akaenda zake.

Hatua zilikoma. Mguu ukapona haraka mpaka daktari akashangaa, na mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, Lightness alitoka kukimbia kwa mara ya kwanza. Alicheka peke yake njiani. Alipofika njia panda akataka kugeuza, mguu wa kulia ukageuka, wa kushoto ukakataa, ukavuta kuelekea mashambani, akashika mti, mguu ukamng'oa, akajitupa chini ukamburuza akiwa anapiga kelele, mpaka akajikuta amesimama katikati ya Mkondoa, maji gotini, na kiunoni amefungwa kanga ya njano yenye michoro ya korosho, mbichi, inanuka tope, na nyuma yake kuna mtu anaishika ncha.

Mama Magreti alikuwa hapo ukingoni anafua. Kanga ile aliinunua yeye mwenyewe.

"Mama, nisaidie!" Lightness alilia. Ncha ya kanga iliachiwa nyuma yake, ikaelea hadi mikononi mwa yule mama, naye akaishika kwa nguvu zake zote, maana maji ya gotini yalikuwa yameanza kupanda, kiunoni, kifuani, hapo hapo Lightness aliposimama na si pengine.

"Kanga ya mwanangu umeipata wapi?"

"Usiniachie, mama!"

"Nimekuuliza."

"Nilimwachia," Lightness alisema. "Hakuteleza. Nilimwachia mimi. Nisamehe!"

Tulipofika tulikuta maji ya gotini, na Lightness amelala humo kifudifudi, kisigino chake cha kushoto hakina hata alama ya mshono. Mama Magreti alikuwa ameketi juu ya jiwe. Anasema vidole vyake vilifunguliwa kimoja kimoja na vidole vingine, vya baridi. Labda. Ila alipokuwa akitusimulia hakulia, na alipomaliza akainuka, akasuuza nguo zake zilizobaki, akaenda nyumbani.