Sauti Iliyomwita Wascar

Jumamosi saluni ya Yokasta Peralta ilikuwa imejaa wanawake hadi mlangoni, mashine za kukaushia nywele zikinguruma, ndipo mwanamume mpana kama kabati alipojipenyeza ndani, shati lake jeupe limelowa jasho, akauliza mlango wa nyuma uko wapi.

"Umeiba nini?" Yokasta akamwuliza, kitana mkononi.

"Sijaiba, mami. Wanataka picha. Wamenifuata tangu sokoni."

Yokasta akamkalisha kitini, akamfunga taulo kichwani na kumshushia mashine hadi kwenye nyusi. Washabiki wakachungulia, wakaona safu ya vichwa, wakapita. Wateja walicheka mpaka wakatoa machozi.

Ndivyo Yokasta alivyokutana na Osiris Báez, mpigaji wa besiboli aliyeitia wazimu Santo Domingo nzima. Kila alipoupiga mpira ukavuka uzio, aliisogelea rekodi ya mipira iliyovushwa uzio katika msimu mmoja, iliyodumu tangu baba yake Yokasta akiwa kijana. Siku ya pili alirudi peke yake, amevaa fulana ya buluu na kunukia sabuni.

"Leo unamkimbia nani?"

"Leo simkimbii mtu. Nimekufuata wewe."

Kufika Krismasi walikuwa wapenzi. Lakini Yokasta hakuwa mtu wa kufumbwa macho. Mama yake Osiris aliishi San Pedro, mwendo wa saa moja tu, na bado hakuwahi kumpeleka kwake. Simu nyingine alizipokelea kibarazani, mlango ameufunga. Hata siku ya kuzaliwa kwake, Yokasta alipomwekea keki mezani, aliitazama kama keki ya jirani iliyoletwa kwa makosa.

Asubuhi moja Osiris akiwa bafuni, simu yake iliita. Yokasta akaipokea.

"Wascar, mwanangu, mbona kimya?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee.

"Umekosea namba, mama. Hii ni simu ya Osiris."

Mwanamke yule akasema taratibu, "Usiniambie hivyo, binti," akakata.

Osiris alitoka na taulo kiunoni. Yokasta alikuwa ameketi kitandani, simu mapajani.

"Wascar ni nani?"

Uso ulimbadilika, akajikaza. "Mtu amekosea namba."

"Amekosea, na kwenye simu yako ameandikwa Mama?"

"Niachie jambo hili mpaka msimu uishe, mpenzi. Nakuomba."

"Una mke? Una watoto mahali?"

"Sina."

"Basi una nini?"

Osiris akavaa, akaenda mazoezini.

Jumapili, siku ambayo alibakiwa na mpira mmoja tu kuipita rekodi, Osiris aliacha tiketi ya mechi mezani. Yokasta hakuigusa. Alipanda basi la San Pedro. Huko akauliza nyumba ya mama yake mpigaji, na kila mtu akamwonyesha.

Doña Eduvigis, mama yake Osiris, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cheupe. Alimtazama Yokasta kwa muda, akavitazama viatu vyake, kisha uso.

"Wewe ndiwe uliyepokea simu."

"Ndimi, mama. Nataka kujua nalala na nani."

Mzee hakumkaribisha kiti. Alichukua mwavuli, akamwongoza hadi makaburini na kusimama penye kaburi lililopakwa chokaa, lililotunzwa vizuri kuliko yote. Halikuwa na maandishi.

"Huyu ndiye Osiris, mwanangu mdogo. Homa ilimchukua. Mwaka uleule wakala wa wachezaji akaja, akamwona kaka yake, Wascar, akipiga mpira. Akasema anapiga vizuri, ila ni mzee mno, wanataka wa miaka kumi na sita. Kifo cha mdogo wake tulikuwa hatujakiandikisha." Akaliondoa jani lililoanguka juu ya kaburi. "Wascar akachukua cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, jina likaenda kazini. Ningeliandikaje hapa?"

Yokasta akamshika mkono, wakarudi.

Alasiri majirani wakalipuka kwa shangwe. Redio zote mtaani zilisema mpira umevuka uzio, rekodi imevunjwa, na uwanja mzima ukaanza kuimba: Osiris, Osiris. Mzee akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Hapo tu ndipo Yokasta alipoielewa simu ya kibarazani: hapo ndipo mahali pekee mwanamume yule alipoitwa kwa jina lake.

Simu ya Yokasta ikaita.

"Uko wapi? Kiti chako kilikuwa kitupu."

"Nipo kwa mama yako. Nimetoka makaburini."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nakuja."

Alifika jua likizama, bado amevaa sare, udongo mwekundu magotini. Alipiga magoti mbele ya mama yake kwanza. Kisha akamgeukia Yokasta.

"Nimewaambia ukweli waandishi wa habari. Wote. Huenda wataifuta rekodi, huenda nisicheze tena."

"Mimi ulinidanganya kabla yao."

"Nilikudanganya. Ningekuoa kwa jina gani, Yokasta? Mbele ya padri ningemwozesha marehemu." Akaivua kofia ya timu. "Naitwa Wascar Báez. Nina miaka thelathini na minane, si thelathini na mitano. Nakuomba unioe hivi nilivyo."

"Wanaume ndio huoa," Doña Eduvigis akasema, akipangusa macho.

Yokasta akacheka bila kutaka. Lakini hasira ilikuwa haijamtoka, na hakuificha.

"Nilimpenda Osiris," alisema. "Wewe sijakujua vizuri. Keti, Wascar. Anza tangu ulipozaliwa, na ukinidanganya hata kidogo, mama yako yupo hapa."

Akaketi karibu naye, akaanza.