Ngome Kifuani mwa Mzee Lugusha

Kirusi kilichoitwa Kupe kilikuwa kinachomolewa kifuani mwa Mzee Lugusha, na mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika Tabora ya siku hizo. Mgonjwa alikaa kitini, akabandikiwa kisahani cha shaba ubavuni, kisha programu fagizi ikaingia kwa mawimbi ndani ya mtimashine wake na kukwangua uchafu wote bila tone la damu kumwagika. Mtimashine ulikuwa moyo wa kutengenezwa, ukiendeshwa na kompyuta ndogo kuliko punje ya mtama. Nusu ya wazee wa mji walikuwa nao, na kwa sababu hiyo waliishi umri ambao babu zao wasingeuota.

Binti yake, Mhandisi Nyanzobe, alikuwa amekodolea macho kioo cha vipimo, uso umemkunjamana. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kusafisha mitimashine, naye alimjua Kupe vizuri kuliko alivyopenda. Kupe alihama kutoka kifua hadi kifua, watu wakikaa karibu tu. Alijificha humo, akasikiliza, na siku mwenye moyo akitamka neno la kifo, alilidandia neno lile akalirusha kwenye mtimashine wa mtu wa karibu kama amri: simama. Mara nyingi amri ilipotea hewani. Mara chache ilifika, na mtu akaanguka sokoni na mfuko wake wa nyanya mkononi.

"Nimekusafisha, baba," alisema. "Lakini huu mfumo endeshi wako wa Huria hauna mlango wala komeo. Kesho utaokota Kupe mwingine. Nakuhamishia Ngome."

"Hiyo Ngome inafanya nini?"

"Inakulinda."

Maelezo ya Ngome yalikuwa marefu, naye Nyanzobe aliyapitia harakaharaka, kama sote tunavyofanya na maelezo marefu. Aliona kwamba mfumo ule haukuishia kuzuia shambulio, bali ulilifuata hadi lilikotoka. Alidhani ukifika huko unaua kirusi. Mzee naye hakuuliza zaidi, maana mtu akiwa na binti mhandisi anaona aibu kuuliza mara mbili.

Kesho yake mchana Mzee Pazi akabisha hodi. Huyu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli ujanani, akaoa, akajenga ukuta kwa ukuta na Mzee Lugusha. Mzaramo na Mnyamwezi, kama Mzee Lugusha, ni watani, na hawa wawili waliufanya utani wao kuwa kazi ya kudumu. Mtaa mzima uliwazoea. Mzee Pazi naye alikuwa na mtimashine, wa Huria, na kila Nyanzobe alipomwomba aje kusafishwa alijibu kwamba uchafu wake ameuzoea.

"We mpagazi, hujafa tu?" aliuliza kabla hajakaa. "Nimeacha kula nyumbani kwa ajili ya ubwabwa wa msiba wako."

"Nikifa atakuzika nani? Nyie shimo hamchimbi, mnalipigia ngoma tu."

Nyanzobe aliwawekea chai, akicheka. Mzee Pazi akanyanyua kikombe, akaegemea kiti vizuri.

"Kufa bwana, Lugusha," alisema kwa upole. "Kufa tupumzike."

Ndani ya kifua cha Mzee Lugusha ikatoka sauti ya kike, laini, isiyo na haraka. "Shambulio limezuiwa. Chanzo kimezimwa. Uko salama."

Kikombe cha Mzee Pazi kikadondoka. Kichwa kikalala begani, kicheko kikiwa bado hakijamwisha usoni.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo wangelifanya wao tu. Hawakushtuka. Kuhusu ile sauti, Nyanzobe alidhani kilichozimwa ni kirusi tu. Kwa miaka mingi Mzee Pazi alikuwa amekufa mara nyingi katika kiti kile, akalala ulimi nje hadi alipwe soda ndipo afufuke. Mzee Lugusha akaendelea kunywa chai. "Leo sikupi kitu," akamwambia. "Kaa hivyo hivyo hadi jioni." Nyanzobe aliokota vipande vya kikombe, akafuta sakafu, akamwambia, "Baba Pazi, angalia usijikate." Alipousogeza mkono wa Mzee Pazi ndipo akauona ulivyo mzito.

Alimbandika kisahani cha shaba ubavuni. Mtimashine wa Mzee Pazi ulikuwa umefungwa kwa nje, na kufuli lilikuwa la Ngome. Alijaribu kila njia aliyofundishwa, na nyingine alizobuni mwenyewe kwa hofu. Akawapigia waliotengeneza Ngome.

"Mfumo umefanya kazi ipasavyo," ilijibu mashine ya huduma. "Neno la kifo liliambatana na kirusi hai. Mteja wetu angekufa."

"Alikuwa anamtania."

"Tafadhali fafanua kutania."

Nyanzobe akaanza kufafanua. Akafika katikati, akashindwa kuendelea, kwa sababu aliona kwamba mashine ilikuwa imesema kweli. Kupe wa Mzee Pazi alikuwa ameirusha amri kweli. Mzee Lugusha angebaki na Huria, maiti pale ingekuwa yake.

"Nini kimemuua?" Mzee Lugusha aliuliza.

Alitamani kudanganya. "Moyo wako, baba. Ile Ngome niliyokuwekea mimi."

Mzee hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alikaa akimtazama rafiki yake, akamrekebisha kofia iliyopinda.

Msibani, Nyanzobe alimweleza mjane, Bi Siwema, kila kitu, hata ile sehemu ya maelezo aliyoiruka. Bi Siwema alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Hasira nitakuwa nayo, lakini si leo. Leo mwambie baba yako aje azuie jeneza kwa utani. Mume wangu hawezi kutoka humu kimya kimya kama mtu asiye na mtani."

Mzee Lugusha alikuwa amejitenga nyuma ya turubai, kiganja kimefunika mdomo. Ujumbe ulipomfikia alitikisa kichwa.

"Nikimtukana, nduguze watanijibu. Wataniambia nimfuate. Ndivyo inavyotakiwa. Na nusu yao wana Huria, na Kupe ndani." Alijigusa kifua. "Huyu mlinzi wako atawaua mmoja mmoja huku akiniambia niko salama. Mtoe."

"Nikimtoa nakurudisha Huria. Wakikujibu, Kupe anaweza kukufikia wewe."

"Najua."

"Hebu kaa kimya tu, baba. Wataelewa."

"Wao wataelewa. Pazi je?" Akafungua vifungo vya shati. "Siku ile uliniamulia, nami nikakubali bila kuuliza. Leo nimeuliza, na nimeelewa. Fanya kazi yako."

Alitaka kukataa. Alikuwa na haki ya kukataa kama mhandisi, na zaidi kama mtoto. Lakini aliwatazama watu waliojaa uani, wazee kwa vijana wakimsubiri mtani, wasijue kilichokuwa kinawasikiliza kutoka kifuani mwa mtu wanayempenda. Akabandika kisahani.

Ngome ikatoka baada ya kuonya mara tatu. Mzee Lugusha akafunga vifungo, akapenya katikati ya watu, akalala kifudifudi juu ya jeneza la Mzee Pazi na kulikumbatia.

"Mzaramo mvivu wewe," alisema. "Kuchimba hujui, kubeba hujui, na kufa kwenyewe umekufa umekaa."

Uani pakalipuka vicheko na vilio pamoja. Bi Siwema alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Kisha mdogo wa marehemu akajitokeza, machozi yakimtiririka, akapaza sauti kama utani unavyotaka. "Kama unampenda hivyo, kufa basi, mfuate."

Watu wakacheka tena. Nyanzobe alikuwa ameshikilia kioo kwa mikono miwili, akisoma mapigo ya baba yake, pigo moja, halafu akangoja jingine.