Watu Mia Tatu na Kumi na Saba

Honi ilisikika kwanza. Ilianza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, ikalia bila kupumua, na mji wa Nchelenge ukaipuuza. Soko linapofunguka, honi ni ugomvi wa madereva wanaotafuta pa kuegesha. Watu walitukana, wakageukia upande wa pili wa kitanda.

Inspekta Thelma Mwaba aliisikia akipiga pasi sare yake. Hakutukana. Tangu amzike mumewe mwezi wa Novemba, sauti zote zilimfikia kana kwamba zimepita kwenye godoro. Alimaliza mkono wa kushoto, akaanza wa kulia. Honi ikakwaruza, ikafifia, ikakata. Ndipo simu ikaita.

"Mama Inspekta," alisema Sajenti Mwape, "ni ba Chisala, yule bwana wa halmashauri. Amelalia usukani. Amekufa."

Gari jeupe la halmashauri lilikuwa limesimama penye mdomo wa Njia ya Samaki, kichochoro kinachopanda kutoka ufukweni hadi sokoni. Kichochoro chenyewe kilikuwa kimezibwa kwa nguzo za zege na uzio mpya wa waya. Chini ya uzio palikuwa na tundu lililokatwa, pana kiasi cha kupita mwanamke na beseni lake.

Chisala alikuwa afisa mipango. Kifua chake kilibonyeza honi. Nyundo ya kupigilia vigingi ilikuwa miguuni pa kiti cha abiria, mpini umefutwa. Juu ya kiti hicho palikuwa na kidude cha chuma, kidogo kama yai, chenye kitufe na tarakimu: 317.

"Pigo moja, kwenye paji la uso, upande wa kushoto," alisema daktari. "Saa mbili zilizopita, hazizidi."

Thelma alitazama damu jinsi anavyotazama mvua kupitia dirisha. Hakuhisi kitu. Akaandika.

"Kazi imeisha, mama," alisema Mwape. "Nimeshamkamata Florent, yule mnunuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa. Ndiye aliyekata waya. Jana alisema mbele ya soko zima kwamba atampasua Chisala kichwa. Watu wamejaa kituoni, wanamtaka wamwadhibu wenyewe. Mkuu wa kituo anasema saa sita mchana afunguliwe mashtaka, apelekwe mahakamani Mansa."

"Alama za vidole?"

"Hakuna. Amefuta."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi tuna saa nne," alisema Thelma.

Florent alikuwa ameketi kwenye sakafu ya mahabusu, mikono juu ya magoti.

"Ulikata waya?"

"Nilikata. Na koleo yangu. Hata kesho nitakata."

"Ulisema utampasua kichwa."

"Madame, mi nasemaka vile hata kwa bibi yangu. Muulize kama kichwa yake ilipasuka."

"Saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Pale pale kwa waya. Ziwa imefunguliwa kwa kuvua, bamama banapanda na samaki. Ile njia kubwa ya malori iliua mama Felistus siku ya kwanza tu ya kufunga hii. Nani atapitisha batu kule tena? Nilibainulia waya, mumoja mumoja, mpaka wa mwisho. Kisha nikashuka ku mutumbwi."

"Nani alikuona?"

"Bote. Lakini sajenti wako anasema bote beko waongo."

Nje, Léonie, mwanamke mnene aliyeuza dagaa, alikuwa akimsubiri Inspekta tangu Florent akamatwe, beseni kichwani kana kwamba amelisahau.

"Mama polisi, ule mutu hakuua. Alituinulia waya mpaka mugongo ikamuuma. Tulikuwa tunamucheka."

"Gari la halmashauri lilikuwepo?"

"Hapana. Giza tu. Na ile sauti."

"Sauti gani?"

"Tik. Tik. Kila mama akipita, tik. Kulikuwa mutu ameketi juu ya ndoo upande wa soko, amejifunika blanketi. Tukasema ni mutu wa kodi, tukakimbia."

Thelma alitoa mfuko wa vielelezo, akabonyeza kidude kupitia nailoni.

Tik.

"Ni ile!" Léonie alipiga kelele. Thelma alizungusha kigurudumu cha pembeni mpaka tarakimu zikarudi 317, akaandika jambo hilo kwenye daftari.

Akarudi kwenye gari la Chisala. Chisala aliuawa kwa pigo la kushoto, na yeye alikuwa kwenye usukani, upande wa kulia. Muuaji aliketi kiti cha abiria. Mtu aliyetishia kukupasua kichwa hadharani humfungulii mlango ukamkaribisha aketi. Chisala alimfungulia mtu wake.

Ofisi ya halmashauri ilikuwa na ramani ukuta mzima: barabara iliyopanuliwa, kituo cha mabasi, na mahali pa Njia ya Samaki mstatili wa kijivu, maegesho ya malori arobaini. Mhudumu alimletea jalada. Ndani yake karatasi moja: hesabu ya wapita njia, siku tatu. Siku ya kwanza watu kumi na mmoja. Ya pili tisa. Ya tatu kumi na wanne. Chini, mwandiko wa Chisala: *Njia haina watumiaji. Ifungwe.*

Thelma alisoma tarehe. Ishirini Januari.

Akaisoma tena. Kutoka Desemba hadi mwisho wa Februari ziwa hufungwa. Hakuna nyavu, hakuna samaki, hakuna mabeseni. Mtoto yeyote wa Kashikishi, pale ufukweni, angewaambia. Walikwenda kuhesabu wapita njia ya samaki wakati samaki ni marufuku.

"Kidude cha kuhesabia hutunzwa na nani?"

"Rabson, karani aliyetia sahihi hapo," alisema mhudumu. "Lakini leo hayupo, mama mukwai. Yuko msibani. Jana amemzika mama yake, yule aliyegongwa na lori."

Kalamu ya Thelma ilisimama.

"Felistus?"

"Ndiye."

Msibani wanaume walikuwa wameketi kuzunguka moto uliobaki majivu. Rabson alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe, blanketi mabegani. Thelma aliketi karibu naye kwenye mkeka, akatoa pole, akasubiri kama inavyotakiwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Umetoka hapa tangu jana?"

"Sijatoka, mama."

"Kidude chako cha kuhesabia kiko wapi?"

"Ofisini. Nimekifungia kabatini."

Thelma aliweka mfuko kwenye mkeka, kati ya magoti yao. Mia tatu na kumi na saba.

"Florent yuko mahabusu," alisema. "Ana mke ng'ambo. Saa sita wanamshtaki. Una haki ya kunyamaza, na ukisema nitaandika. Nakuonya hivyo kisheria."

Rabson aligusa tarakimu kwa kidole, juu ya nailoni.

"Awe, hapana, Florent aachwe," alisema. "Ni mimi."

"Sema."

"Januari nilimwambia: bosi, tungoje Machi, ziwa limefungwa. Akasema, 'Karani huandika anachokiona.' Nikaandika. Mama aliniuliza, 'Mwanangu, hiyo njia wataifunga?' Nikamwambia hapana, mama, watahesabu tena." Alivuta blanketi mabegani. "Leo nilikwenda kuhesabu kweli. Nikampigia simu, akaja, nikaingia garini nimwonyeshe. Watu wote hao kwa saa moja! Nikamwomba ang'oe nguzo. Akacheka. Akasema, 'Hesabu ya Januari ina sahihi yako, Rabson. Kama kuna aliyemuua mama yako, ni namba zako.'"

"Nyundo?"

"Ilikuwa miguuni. Sikumbuki kuinama. Nakumbuka kuifuta tu. Na honi. Nilikimbia ikinifuata."

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, kitu kilimchoma Thelma chini ya mbavu. Kilikuwa kidogo, kama mwiba wa samaki. Aliendelea kuandika.

"Waliopita walikuwa mia tatu na kumi na saba?"

"Kumi na sita," alisema Rabson. "Wa mwisho alipokwisha kupita, nilibonyeza mara moja zaidi. Ya mama. Siku ile angepita hapo."

Mwape alikuja na pingu. Wanaume walisimama wote. Thelma alimpigia simu mkuu wake, akataka Florent aachiliwe, kisha akamsindikiza Rabson hadi garini. Kijana alisita mlangoni.

"Mama Inspekta, karatasi ya leo haipo. Niliichana. Wataacha uzio. Watasema ilikuwa hesabu ya muuaji."

Thelma alimtazama, na safari hii alimwona.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakaa pale juu ya ndoo," alisema. Mwape alisikia, na wafiwa walisikia. "Nitabonyeza moja kabla hajapita mtu. Halafu nitawahesabu wote, mpaka wa mwisho, na chini nitatia sahihi yangu mimi, Thelma Mwaba. Nakuahidi, Rabson."