Msikilizaji wa Tatu

"Mumeo leo kawahi kucheka," alisema Ma Kokushubila, uso ameuelekeza ukutani. "Hata hujafika penye utani, yeye tayari."

Vaileth aliacha kusoma. Kwenye ile sebule yao ya Mtoni walikuwa wawili tu: yeye na kitabu chake, na mama mkwe wake, ambaye mtoto wa jicho alishamziba macho yote mawili akabaki kuona mwanga tu. Ansbert, mume wa huyu na mwana wa yule, alikuwa Masasi wiki ya pili sasa, anapanda minara ya simu. Kiti chake cha mbao chenye mto wa bluu kilikuwa kitupu.

"Mama, Ansbert hajarudi. Si asubuhi tu nimeongea naye kwenye simu?"

Bibi alinyoosha kidole kuelekea kile kiti. "Mwenzangu, mie nimepofuka, sijachanganyikiwa. Kama siye, huyo anayepumua hapo ni nani?"

Hapo mtu mwenye akili zake angefunga kitabu akaita majirani. Vaileth akasema ni friji. Mwalimu mzima! Lakini tusimlaumu sana, mtu wa Tukuyu ameyajulia wapi mambo ya pwani?

Kitabu chenyewe alikinunua Buguruni, kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai chini. Hakina jalada, kinene kama tofali. Riwaya ya mji usiokuwepo, Sindabari, na matapeli watatu wanaowauzia matajiri hirizi feki, mpaka siku hirizi moja inapofanya kazi kweli. Kila mmoja wao anajiita jina lisilo lake. Na mwandishi, kwa roho mbaya tu, amesema mapema kwamba mmoja kati ya hao watatu si binadamu, ila hamtaji mpaka ukurasa wa mwisho. Ma Kokushubila alikipenda kitabu kile kuliko redio. Kila jioni wakishakula, Vaileth anasoma kwa sauti, bibi anatafuna kahawa zake kavu alizoletewa kutoka Bukoba, na kila sura ikiisha wanabishana ni yupi.

Kesho yake jioni Vaileth alifika pale Kidawa, yule tapeli wa kike, anapomrudia liwali kumuuzia mbuzi. Kabla hajasoma kwamba mbuzi ni wa liwali mwenyewe, kaibiwa asubuhi hiyo hiyo, kicheko kikatoka. Cha chinichini, cha mtu anayejua kinachokuja. Hakikutoka kwa bibi. Kilitoka kwenye kile kiti, na kwa mara ya kwanza akaisikia na harufu, ya udi uliochanganyika na manyoya yaliyoungua, na alipoinua macho akaona ule mto wa bluu umebonyea katikati, na kiti kikalia kwi, taratibu, kama mtu mzima anapohamisha uzito kutoka tako moja kwenda jingine ili akae vizuri asikilize.

Alimshika mama mkwe mkono wakaenda chumbani, wakafunga mlango.

"Mama, niambie ukweli," alinong'ona. "Huyo mtu ameanza lini?"

"Tangu Jumatatu, ulipokwenda jikoni." Bibi naye alinong'ona. "Niliposikia kiti nikaita, Ansbert? Akaguna. Nikajua kachoka, hataki maneno. Nikamnyooshea kahawa nimtanie tu, si unajua anavyozichukia tangu utotoni. Vai, akapokea! Nilifurahi mie. Nikaipasua, punje moja yangu, moja yake."

Vaileth aliolewa kwa Wahaya akiwa hajui mengi, lakini hilo alishafundishwa. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani, na zamani watu wawili wakiligawana, huyu akala yake na yule yake, wamekuwa ndugu. Hawezi mmoja kumfungia mwenzake mlango tena mpaka kufa.

"Vidole vyake vilikuwaje, mama?"

"Vya baridi. Nikadhani ametoka kuoga." Bibi akaanza kulia, akimwita mama yake kwa Kihaya. "Mawe! Nimemwita kwa jina la mwanangu."

Asubuhi Vaileth alimfuata Bi Chausiku, jirani wa nyumba ya tatu, anayeandika makombe ya kunywesha wagonjwa na kupunga mashetani tangu ujana wake. Alikuja na chetezo chake na ubani. Akafika mlangoni mwa sebule, akakitazama kile kiti, akarudi nyuma bila hata kuvua kandambili.

"Shikamoo, bibi, karibu ndani," Vaileth alisema.

"Marahaba. Nabaki hapa hapa." Akamvuta uani, akashusha sauti. "Huyo jini hafukuziki, mwanangu. Mmemwita kwa jina, mmemlisha, tena mmegawana naye. Nikimfukizia ubani si namkaribisha? Nyie watu wa bara na ukarimu wenu, mtakuja kutumaliza."

"Anataka nini kwetu?"

"Jina kashapata. Kiti kashapata. Umebaki mwili. Mumeo anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Basi hakikisha huyo katoka kabla mwenye mwili hajafika, vinginevyo utalala na usiyemjua. Na atoke kwa miguu yake, kwa adabu. Mgeni haburutwi, huagwa. Halafu nisikilize vizuri: ukimtoa, mwambie pa kwenda. Mbali. Usimwache njiani."

Vaileth alimpigia mumewe akamwomba achelewe kurudi, hata wiki moja. Ansbert alicheka mpaka simu ikakoroma. "Vai, hebu acha hivyo vitabu vyako. Mie nimemisi nyumbani bwana, nakuja." Akakata. Vaileth alikaa kitandani akalia kama mtoto, maana alimpenda yule mwanaume, na maisha yake yote hakuwahi kuogopa kumwona akirudi.

Siku nzima aliwaza. Mwisho akasema moyoni, kama huyu ni tapeli, basi dawa ya tapeli ni tapeli mwenzake. Jini alikuwa anakijua kitabu chote, ndiyo maana anawahi kucheka. Je, akisomewa kisichoandikwa?

Ijumaa, adhana ya magharibi imeisha, taa zinawaka nyumba nzima, walikaa mahali pao. Kiti kikalia. Harufu ikaja. Vaileth akafungua kitabu, akaanza kusoma maneno ya kichwani mwake.

"Na jioni hiyo," alisoma, "habari ikafika kwamba mwenye jina amerudi safari."

Kicheko hakikuja. Kiti kikalia tena, mara hii kama mtu ameinama mbele, na Vaileth akaendelea kusoma huku mistari inacheza machoni, akasoma kwamba kule Sindabari ni aibu kubwa msafiri kufika mlangoni kwake na mizigo mikononi, kwamba hata tapeli ana adabu zake, na yeyote aliyekalia kiti cha msafiri ndiye anayepaswa kunyanyuka wa kwanza, na wakati anasema hayo akahisi pumzi ya baridi nyuma ya sikio lake la kushoto, kitu kimesimama kinachungulia ukurasa, kinatafuta yale maneno hakiyaoni, kinapekua kwa macho, na nywele moja baada ya nyingine zikamsimama kisogoni, lakini hakunyamaza, alijua akinyamaza tu amekwisha, akasoma, "basi aliyekalia kile kiti akanyanyuka, akawaaga wenyeji, akatoka kwenda getini kupokea mizigo."

Pazia la mlango likainuka. Nje, komeo la geti likafunguka, tena kwa ustaarabu kabisa.

"Ameondoka," alinong'ona Ma Kokushubila. "Mwanangu, ameondoka!"

Mto wa bluu ulikuwa umejaa tena, hauna bonde. Vaileth alipiga magoti chini akamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa. Ilikuwa furaha ya kweli, na katika furaha ile hakukumbuka kuwa Bi Chausiku alimwambia mbali.

Hawajamaliza hata kufutana machozi, geti likagongwa.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Alikuwa Ansbert, siku moja kabla, begi begani, vumbi la Masasi hadi kwenye kope. Amepata lifti ya gari la kampuni, akaona awafanyie sapraizi. Vaileth alimrukia shingoni. Mama yake alimpapasa uso, pua, kovu la kidevuni. "Ndiye," akasema. Kwa kuhakikisha akamnyooshea kahawa, na Ansbert akakunja uso vilevile kama siku zote. "Mama nawe! Mie na hizo kitu wapi na wapi?"

Basi, usalama. Wakaapiana mke na mama mkwe kwamba kile kisa hawatamwambia Ansbert wala mtu yeyote.

Jumapili mchana, wametoka kanisani, wameshiba ndizi, Ma Kokushubila akadai kitabu chake kimaliziwe. Jua limejaa sebuleni, watoto wa jirani wanapiga kelele nje. Ansbert akakaa kwenye kiti chake akasema naye atasikiliza, siku hiyo hana pa kwenda. Vaileth alisoma sura nzima sikio moja likiwa kwake. Penye utani alicheka baada, kama watu wote. Moyo wake ukatulia kabisa.

Ukabaki ukurasa mmoja.

"Haya," alisema Vaileth kwa bashasha, "kabla sijafunua. Nani kati yao si binadamu?"

"Kidawa," alisema bibi. "Ule mdomo si wa kuzaliwa."

"Na wewe, baba?"

Ansbert alifikiri, akihamisha uzito wake taratibu. Kiti kikalia kwi.

"Mie nasema ni yule aliyetoka kwenda getini kupokea mizigo."

Ma Kokushubila aliacha kutafuna. Kwenye kitabu kile hakuna geti wala mizigo. Maneno yale yalitamkwa mara moja tu, Ijumaa, hayakuandikwa popote. Vaileth alitazama kovu la kidevuni, macho anayoyapenda, vidole vya mumewe juu ya magoti, na akataka kupiga kelele kuuliza Ansbert wake amebaki wapi, hapo getini alipompelekea mtu wa kumpokea kwa mdomo wake mwenyewe.

"Soma basi, mke wangu," alisema yule mwanaume kwa upole. Kisha akamnyooshea mama kiganja. "Na kahawa nyingine, mama, tugawane."